Kabla ya kulipia waranti ya gari, anza na ukurasa wa yasiyolipiwa

Mhariri,

Katika yadi nyingi za magari hapa Nairobi, kuanzia Ngong Road hadi Kiambu Road, mnunuzi akishaelewana bei na muuzaji huwekewa mezani karatasi moja zaidi: waranti ya nyongeza ya mwaka mmoja au miwili, "ya injini na giaboksi". Huombwa aamue papo hapo, pesa zikiwa zimeshatoka na mawazo yake yakiwa kwenye safari ya kupeleka gari nyumbani. Naandika kwa ajili ya mtu huyo. Waranti hiyo inafaa kwa magari machache, tena kwa sharti kwamba itaje kwa jina ile sehemu inayojulikana kusumbua kwenye gari lake. Isipoitaja, heri pesa zake zikae kwenye sacco.

Jina lenyewe linapotosha. Kwa kawaida mtengenezaji wa Japani hutoa waranti ya jumla ya miaka 3 au kilomita 60,000, na kwa sehemu kuu kama injini na giaboksi miaka 5 au kilomita 100,000, lakini ahadi hiyo ni ya gari linalotumika Japani. Gari likipakiwa melini kuja Mombasa, ahadi imebaki kule. Isitoshe, kanuni zetu huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza, na mengi yanayofika yadini yana miaka sita, saba, hivyo muda ungekuwa umekwisha hata kama yangebaki Tokyo. Bima kamili nayo haisaidii hapa. Hulipia ajali, moto na wizi. Injini iliyonoki au giaboksi inayoteleza si kazi yake. Unachouziwa basi ni mkataba mpya kabisa, na swali la kwanza ni: anayeahidi kulipa ni nani?

Akiwa ni kampuni ya bima, iwe na leseni ya Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, ambayo huchapisha orodha ya kampuni zilizoidhinishwa. Omba jina la kampuni na nambari ya mkataba wako wewe, kisha wapigie wao wenyewe uthibitishe kabla hujalipa. Akiwa anayeahidi ni yadi, waranti ina nguvu sawa na yadi hiyo, basi. Yadi nyingi zimekodi kiwanja. Mwenye kiwanja akitaka kujenga, wafanyabiashara huhama, na mwenye waranti hubaki na muhuri bila mtu wa kumdai.

Ukishajua ni nani, geuza karatasi usome yasiyolipiwa kabla ya yanayolipiwa. Brekipedi, pleti ya klachi, shokabso, bushi, balbu na tairi huachwa na karibu kila mkataba, na hilo ni haki kwa sababu hivyo ni vitu vya kuliwa na matumizi. Hatari ipo pale neno "uchakavu" linapotumika kwa kila kitu, hata injini na giaboksi zenyewe. Mikataba mingi hulipia "hitilafu ya ghafla ya kimitambo". Lakini gari lenye kilomita 110,000 haliharibiki kwa ghafla mara nyingi. Ringi za pistoni hukwama kwa masizi, gari likaanza kula oili, nusu lita kwa kila kilomita 1,000, baadaye lita nzima. Giaboksi ya CVT, ile isiyo na gia za kupanda moja moja, huanza kwa kuvuma, kisha hutetemeka gari linapoondoka polepole, kisha huteleza unapopanda mlima. Yote hayo huenda hatua kwa hatua. Mkaguzi akiandika neno moja, "uchakavu", dai limekufa.

Kwa hivyo dai sentensi hii au inayofanana nayo iandikwe: sehemu zilizotajwa zinalipiwa pale zinaposhindwa kufanya kazi ndani ya vipimo vya mtengenezaji, hata kama chanzo ni kuchakaa kwa kawaida. Muuzaji akikataa kuiandika, ameshakuonyesha jinsi dai lako litakavyojibiwa.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawauoni hadi wameshaanguka humo, nao ni mnyororo wa uharibifu. Mfano ulio wazi zaidi ni gari linapochemsha. Rejeta za magari haya zina kiini cha alumini na matangi ya plastiki juu na chini, au pembeni. Plastiki ikikaa kwenye joto miaka mingi hukauka na kupata ufa pale inapobanwa na alumini. Kulanti, yaani maji ya kupoza injini, huvuja kidogo kidogo, dereva huongeza maji ya bomba au ya kisima yenye chumvi, mifereji hupata kutu na magadi, thamostati hukwama, na siku moja kwenye foleni ya Mombasa Road mshale wa joto hupanda. Dereva akisema "nafika tu hapo mbele", silinda hedi ya alumini hupinda na gasketi ya hedi huungua. Kwa injini nyingi ndogo za Toyota, kupinda kunakokubalika ni milimita 0.05 tu, karibu unene wa unywele wa mtu. Ukizidi hapo, hedi hupelekwa kuchongwa au hubadilishwa.

Sasa tazama mkataba. Injini inalipiwa. Rejeta hailipiwi, thamostati hailipiwi, mipira ya maji hailipiwi. Na kipo kifungu kinachosema uharibifu uliosababishwa na sehemu isiyolipiwa, au ulioongezeka kwa sababu gari liliendelea kuendeshwa, haulipwi. Mwenye gari ameilipia injini waranti, injini imekufa, na kampuni haidaiwi hata shilingi. Ndiyo maana waranti ya "injini na giaboksi" isiyogusa mfumo wa kupoza ina thamani ndogo sana kuliko inavyosikika. Uliza mambo matatu kwa maandishi: je, rejeta, pampu ya maji, thamostati na feni zimo? Je, tabo na injekta zimo, kama gari linazo? Je, kompyuta ya giaboksi imo, au ni vyuma vya ndani peke yake?

Tuje kwenye pesa, na hesabu hii ni ya mfano tu. Weka tarakimu za karatasi yako. Tuseme waranti ya miaka miwili inagharimu Sh60,000, kikomo cha malipo ni Sh150,000, na kila dai wewe mwenyewe unachangia Sh15,000. Kiasi kikubwa kabisa unachoweza kupata kwa dai moja ni Sh135,000. Gawanya 60,000 kwa 135,000: unapata 0.44. Maana yake, ili ununuzi huo usikupe hasara, uwezekano wako wa kupata dai kubwa ndani ya miaka miwili, na likubaliwe, na lilipwe lote, uwe zaidi ya mara 4 kati ya 10. Kwa Demio ya petroli iliyotunzwa huo ni uwezekano mkubwa mno kuutarajia. Kwa gari lenye giaboksi dhaifu linalotambaa kwenye foleni kila siku, huenda ukafikiwa.

Angalia pia kama kikomo ni cha kila dai au cha muda wote wa mkataba. Kama ni cha muda wote, dai la pili linakuta mfuko umekwisha. Na tafuta jedwali la kupunguza malipo kulingana na umri: mikataba mingine hulipa sehemu tu ya bei ya spea gari likishazidi umri au kilomita fulani, lakini muuzaji hukusomea tu "asilimia 100" iliyoandikwa ukurasa wa kwanza.

Anayenunua kwa mkopo ana hesabu ya ziada. Yadi hupenda kuingiza waranti ndani ya mkopo ili isionekane. Sh60,000 hizo kwa riba ya asilimia 16 inayopungua, kwa miezi 36, hugeuka karibu Sh76,000, na mwaka wa mwisho unalipia waranti iliyokwisha muda. Lipa taslimu au acha.

Kilomita nazo husahaulika. "Miaka miwili au kilomita 20,000, lolote litakalotangulia" inaonekana ndefu. Mtu anayetoka Kitengela kwenda mjini na kurudi, tuseme kilomita 60 kwa siku, siku sita kwa wiki, hufikisha 18,720 kwa mwaka. Miaka yake miwili ni mwaka na mwezi mmoja hivi. Wa teksi za kwenye programu anayezunguka kilomita 150 kwa siku hizo sita humaliza 20,000 katika miezi mitano, na mara nyingi mkataba wenyewe umekataza matumizi ya biashara, kwa hivyo hana waranti tangu siku ya kwanza. Wauzaji wanalijua hili na wengi hawalisemi. Si haki kumuuzia dereva wa teksi karatasi hiyo.

Magari yanayostahili kufikiriwa ni yapi? Nayapanga kwa giaboksi, kwa kuwa huko ndiko pesa huenda. Mazda Demio na Axela za petroli za kizazi cha Skyactiv zina giaboksi otomatiki ya kawaida ya gia sita. Ukibadilisha oili yake kwa wakati haina makuu. Hapo weka akiba. Vitz, Axio, Note na X-Trail nyingi zina CVT, mkanda wa chuma unaokwenda kati ya puli mbili. Mkanda huo unategemea oili ya aina yake: NS-3 kwa Nissan nyingi, FE kwa Toyota, HCF-2 kwa Honda. Mtu akimimina oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda huteleza, puli huchubuka, na chembe za chuma huziba vali. Mafundi wanaofanya kazi na CVT kwa hali zetu hubadilisha oili kati ya kilomita 40,000 na 60,000. Ukinunua waranti ya CVT, hakikisha oili imebadilishwa siku ya kwanza na risiti imeandika aina yake, vinginevyo mkaguzi atafungua boliti ya chini, aone oili nyeusi, na aondoke.

Volkswagen Golf na Polo zenye DSG, giaboksi ya klachi mbili, ya gia saba ya klachi kavu, DQ200, ndizo ningesema waranti ina maana, ikiwa tu mekatroniki na seti ya klachi zimetajwa. Klachi kavu haipozwi na oili. Kwenye foleni ya kutambaa hatua tatu na kusimama, hukaa nusu imeshika, nusu imeachia, na joto huila pale pale. Mekatroniki yake nayo, yaani kitengo cha vali na kompyuta, inajulikana kwa kupoteza shinikizo la oili, na kuibadilisha kunahitaji kuipanga upya kwa kompyuta. Waranti inayosema "giaboksi" kisha ikaacha klachi kama kitu cha kuchakaa na mekatroniki kama "kifaa cha umeme" haijakupa chochote kwa gari hili. Honda Fit ya haibridi ya 2013 hadi 2020 ina giaboksi ya klachi mbili pia, na iliitwa kurekebishwa mara kadhaa Japani. Kabla ya kuzungumzia waranti, tafuta kwa nambari ya chesisi kama marekebisho hayo yalifanywa. Mazda za dizeli, Demio na CX-5, zinaziba masizi kwenye njia za hewa na kwenye kichujio cha moshi zikitumika kwa safari fupi za mjini, na masizi karibu kila mkataba huyaacha nje.

Haibridi za Toyota zinataka sentensi yao. Betri ya Aqua ya kizazi cha kwanza ina moduli, yaani vipande vya betri, 20 za nikeli, ya Prius ya miaka mingi ina 28, zote zimeungwa mfululizo. Moja ikifa, taa huwaka na skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, husoma P0A80, msimbo wa betri iliyochoka. Je, waranti itabadilisha betri nzima au moduli moja? Moduli moja mpya katikati ya zilizochoka hudumu muda mfupi, kwa sababu uwezo wao haulingani. Pia kuna feni ya kupoza betri, yenye tundu la hewa karibu na kiti cha nyuma. Vumbi la barabara zetu na nywele za mazulia huliziba, betri hupata joto, nayo kampuni husema umepuuza matunzo. Safisha tundu hilo na feni yake katika kila sevisi ya pili na uandikiwe kwenye risiti.

Kabla muda wa waranti haujaanza kuhesabiwa, gari likaguliwe na fundi wako au na AA, chama cha wenye magari, si na mtu wa yadi. Lengo ni kuzuia jibu la "hitilafu ilikuwapo tayari". Skana ya kawaida huonyesha kilomita zilizoendeshwa tangu kumbukumbu ya hitilafu ifutwe. Gari lililosimama yadini likionyesha kilomita 2, kuna mtu aliyeifuta asubuhi, na unapaswa kujua alifuta nini. Pima mgandamizo wa silinda zote injini ikiwa moto. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi takriban bar 1. Linganisha kilomita za dashibodi na cheti cha kuondolewa gari katika usajili Japani, ambacho huonyesha kilomita za ukaguzi wa mwisho. Nakala ya ripoti, yenye tarehe na kilomita, mpe anayetoa waranti akusainie amepokea. Karatasi hiyo huenda ikakufaa kuliko waranti yenyewe.

Baada ya hapo, sevisi. Mikataba mingi huitaka kila kilomita 5,000 au miezi sita, na kuchelewa kwa kilomita mia chache kumeua madai mazuri. Risiti iwe ya eTIMS, mfumo wa KRA wa risiti za kodi, na ionyeshe nambari ya gari, kilomita, gredi ya oili na filta iliyowekwa. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha umelipa, hauthibitishi ulilipia nini. Gredi ni muhimu: injini iliyoundwa kwa 0W-20 ikimiminiwa 20W-50 kwa sababu "ni nzito, inashika", njia nyembamba za vali za kubadili taimingi hupata oili kwa shida gari likiwa baridi. Mkataba ukikulazimisha kwenda gereji moja tu, uliza bei ya sevisi yao leo hii, uzidishe kwa idadi ya sevisi za miaka miwili, kisha uijumlishe kwenye gharama ya waranti.

Siku gari likiharibika, zima, usiendelee. Piga picha dashibodi na kilomita. Ripoti kwa maandishi kabla ya mtu yeyote kufungua hata boliti moja, kwa sababu injini iliyofunguliwa bila idhini hailipiwi. Uliza ni nani anayelipia kuifungua ikiwa dai litakataliwa. Mara nyingi ni wewe, na kushusha giaboksi ni kazi ya siku nzima. Uliza kama spea itakuwa mpya au ni ya kutumika kama zile za Kirinyaga Road. Ikiwa ni injini nyingine kabisa, nambari yake lazima ibadilishwe kwenye rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari. Mkataba useme ni nani atakayefanya hivyo, maana ukija kuuza gari na nambari hazilingani, mnunuzi atakukimbia.

Dai likikataliwa, usidhani ndiyo basi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na ya kulipwa fidia kwa hasara. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 zinambana anayeuza kwa biashara, uwe umenunua waranti au hukununua. Giaboksi iliyokufa wiki ya pili ni suala la ubora wa gari uliloletewa, na yadi isikusukume kwenye waranti ili ikwepe jukumu lake yenyewe. Madai yasiyozidi Sh1,000,000 yanapokelewa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Beba ripoti ya ukaguzi, risiti za sevisi, barua ya kukataliwa na maoni ya fundi asiyehusika.

Ninachoomba kwa wenye yadi si kikubwa. Mpe mnunuzi nakala ya mkataba mzima aende nayo nyumbani walau siku moja kabla ya kulipa, na iwe na tafsiri ya Kiswahili ya ukurasa wa yasiyolipiwa. Mnunuzi naye, akinyimwa nakala hiyo, alipie gari peke yake.

Fundi wa injini na giaboksi,
Industrial Area, Nairobi